Ni Deki Ipi Iingie Sebuleni?



Jirani yangu wa Mwananyamala, fundi seremala mwenye mikono mizito na moyo mwepesi, alinunua televisheni mpya mwishoni mwa mwaka jana. Ni ile bapa, ya inchi 43, iliyochukua nafasi ya televisheni ya chogo iliyomtumikia tangu alipooa. Alipomaliza kuifunga ukutani alinigongea mlango na kuniuliza swali ambalo alidhani lingejibiwa kwa neno moja.

"Mwandishi," alisema, "wewe ndiwe unayesoma mambo haya. Nitafute deki gani ili picha itoke kama ilivyokuwa ikitoka dukani?"

Dukani, bila shaka, alikuwa ameonyeshwa bahari na samaki wa rangi mbalimbali, kama wanavyoonyeshwa wanunuzi wote. Nyumbani alipochomeka deki yake ya zamani, samaki walitoweka, na waigizaji aliowazoea wakawa na nyuso kama zilizopakwa unga.

Sikumjibu jioni ile. Nilimwambia nitafikiri, naye akaondoka akidhani namnyima siri. Ukweli ni kwamba swali lake lilinirudisha kwenye jambo la nyumbani kwetu Tandika ambalo lilianza mwaka 2004 na halikwisha hadi 2022. Nakusimulia wewe kabla sijamjibu yeye, kwa sababu huenda nawe una mfuko wa nailoni juu ya kabati wenye kanda ambazo hujui utazitazama kwa chombo gani.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Mitaani kwetu kila kitu cha duara kinachong'aa huitwa sidii, iwe ndani yake kuna nyimbo, mahubiri au filamu ya karate. Mimi nitatumia neno santuri, ambalo wazee wetu walilizoea kutoka redioni, na pale penye haja nitaitaja kila moja kwa jina lake.

Wengi wetu wa bara hatukuzaliwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwaka 1973; sisi huku tulisubiri hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo mwenye televisheni Dar es Salaam alikuwa nayo kwa ajili ya deki ya video tu, na wenye deki walihesabika kwa majina. Vita vya deki, hata hivyo, vilikuwa vimekwisha pigwa huko Japani zamani. Kampuni ya Sony ilitoa Betamax mwaka 1975; mwaka uliofuata JVC ikatoa VHS. Wapo mafundi hadi leo wanaoapa kwamba picha ya Betamax ilikuwa nzuri zaidi. Inawezekana. Lakini kanda ya kwanza ya Betamax ilichukua saa moja, na ile ya VHS saa mbili, na mtu hanunui kanda ili aone nusu ya filamu. VHS ikashinda. La kuchekesha ni kwamba Sony iliendelea kuuza kanda za Betamax hadi Machi 2016, na mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, nayo ikaacha. Mshindi na mshindwa walizikwa mwaka mmoja.

Sasa nije nyumbani. Dada yangu mkubwa aliolewa Desemba 1998, katika ukumbi mmoja wa Temeke usiokuwa na feni za kutosha. Baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo tangu ujana wake, alikuwa mtu wa maneno machache na matumizi machache zaidi. Hata hivyo alikodi mpiga picha za video kwa fedha ambazo mama alisema zingetosha kuezeka jiko. Walizozana siku mbili, na baba akashinda, jambo lisilokuwa la kawaida nyumbani kwetu. Mpiga picha akaja na kamera ya kubeba begani na taa kali iliyotufanya sote tufumbe macho. Baada ya wiki mbili alituletea kanda ya VHS ya dakika 180, imejaa kuanzia kupambwa kwa bibi harusi hadi wapishi wanaosuuza masufuria.

Hatukuwa na deki. Tuliitazama kwa jirani, nyumba nzima ya wapangaji, wengine wamesimama dirishani. Karibu na mwisho wa kanda baba anasimama kutoa nasaha kwa maharusi. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Siku ya harusi yenyewe, wakati baba akizungumza, nilikuwa nje nikigombea soda na watoto wenzangu. Na usiku ule kwa jirani nililala kabla kanda haijafika hapo.

Baba alifariki mwaka 2003. Hatukuwa na picha nyingine yake inayotembea wala sauti yake popote, ila katika kanda ile. Kwa kuwa deki za VHS zilikuwa zimeanza kutoweka na kila mtu akinunua deki za santuri, mwaka 2004 tulichanga fedha, kanda ikapelekwa katika duka moja la Kariakoo ihamishiwe kwenye VCD.

Hapa nieleze kidogo VCD ni kitu gani, maana ndiyo iliyotulea. Kanuni zake ziliwekwa mwaka 1993 na makampuni ya Philips, Sony, Matsushita na JVC. Ni santuri ileile ya nyimbo, ila imetiwa picha zilizobanwa sana ili zienee. Picha yake ina nukta 352 kwa upana na 288 kwa wima, yaani nukta laki moja na kidogo, ambayo ni karibu sawa na unayoyaona kwenye VHS. Haikuongeza uzuri wowote. Ilichoongeza ni urahisi: deki zake zilikuwa za bei nafuu, santuri zake hazikuhitaji kurudishwa nyuma, na mtu mwenye kompyuta moja aliweza kunakili nyingi kwa siku. Huko Ulaya na Marekani watu wengi hawakupata hata kuiona. China, nchi za Asia na kwetu Afrika Mashariki ilienea kama mvua.

Ilienea mpaka vibandani. Ukipita Manzese, Mbagala au Tandika jioni ulisikia mlio wa risasi kutoka katika kibanda cha mabati, na juu ya risasi hizo sauti ya Mswahili anayekueleza nani anamfukuza nani. Sauti hiyo mara nyingi ilikuwa ya Lufufu, aliyezitafsiri filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa kusimulia juu yake, akitia chumvi na mizaha ya kwetu. Tuliviita vibanda umiza, na viliumiza kweli: mabenchi ya mbao, joto, na mtu mrefu siku zote mbele yako. Sikumbuki hata mara moja mtu akilalamika kwamba picha haina nukta za kutosha. Walilalamika umeme ukikatika. Filamu zetu wenyewe, zile za akina Steven Kanumba, nazo zilikuja katika santuri, na aghalabu hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja kwa bei yake. Wengi walidhani ni tamaa ya wauzaji. Sehemu yake ni tamaa. Lakini VCD nayo ilikuwa na kikomo, maana haichukui zaidi ya dakika 74 hivi.

Kikomo hicho ndicho kilichotuumiza sisi. Kanda yetu ya dakika 180 ilihitaji santuri tatu. Mtu aliyeihamisha hakujali maneno yaliyomo. Alijaza ya kwanza mpaka ukingoni, akajaza ya pili mpaka ukingoni, na kilichobaki akakimimina katika ya tatu, kama apimaye mafuta ya taa. Santuri ya pili inaisha baba akiwa amesimama. Amekwisha mshukuru kila anayestahili kushukuriwa. Amekwisha mwambia dada yangu kwamba hakumfundisha kunyamaza akionewa na kwamba hatamlaumu akisema. Kisha anamgeukia bwana harusi, anakohoa kidogo, anasema: "Na wewe, mwanangu, nakuomba jambo moja tu." Skrini inakuwa nyeusi.

Mara ya kwanza hatukujali. Tulitia santuri ya tatu tukamsikia hadi mwisho, huku tukilia na kuzungumza, na nadhani hakuna aliyekuwa anasikiliza kwa nia ya kukumbuka. Mwezi huohuo shangazi aliazima santuri ile aende nayo Tanga awaonyeshe ndugu. Ilivunjika ndani ya begi, katika basi.

Tangu hapo santuri ya pili ilitazamwa nyumbani kwetu kila mwaka, na kila mwaka baba aliomba jambo moja tu, skrini ikawa nyeusi. Mama alishikilia kwamba jambo lenyewe lilikuwa shemeji asimpeleke dada mbali. Dada alisema la, baba aliomba aachwe asome uuguzi, maana alikuwa amepata nafasi mwaka ule, na hatimaye hakwenda. Shangazi, ambaye dhamiri haikumtulia, alisema ni kuhusu jina la mtoto wa kwanza. Shemeji kila alipoulizwa alijibu, "Siku nyingi, mama. Sikumbuki." Mwaka 2015 ukatokea ugomvi kati yake na sisi juu ya kiwanja, ambao sitausimulia, wakaacha kuja. Wanaishi Tegeta, na kutoka Tegeta hadi Tandika, kwa mtu asiyetaka kuja, foleni ni sababu tosha.

Utaniuliza kwa nini hatukurudi kwenye kanda yenyewe. Tulijaribu. Deki ya jirani ilikuwa imeungua katika mgawo wa umeme wa mwaka 2006, umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Nyingine tuliyoipata kwa kuazima iliitafuna kanda pale mwanzoni, tukaitoa kwa kisu na kwa hofu, mama akaifunga katika mfuko akaiweka juu ya kabati, akakataza isiguswe tena.

Ndipo alipokuja mjomba.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Mwishoni mwa mwaka 2008 alishuka bandarini na sanduku zito alilolinunua Hamburg, akalibeba hadi Tandika kwa teksi. Akaniita mimi, kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba wakati huo. "Mjomba," aliniambia, "hii ndiyo dunia mpya. Nimeipata kwa bei ya kutupa." Ilikuwa deki ya HD DVD na santuri tano za filamu. Mjomba hakujua, nami sikujua, kwa nini bei ilikuwa ya kutupa.

Nilikuja kujua baadaye, nikisomea uandishi, na kisa chenyewe ni hiki. Santuri zote hizi husomwa kwa miali ya leza inayopita juu ya vishimo vidogo mno vilivyopangwa kwa mzunguko kuanzia ndani kwenda nje. Leza ni kama kalamu: kalamu nene huandika maneno machache katika ukurasa, nyembamba huandika mengi. Kalamu ya CD na VCD ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani Novemba 1996, ilitumia leza nyekundu ya nanomita 650; ndiyo maana santuri ya ukubwa uleule iliweza kubeba gigabaiti 4.7 badala ya 0.7, na picha ya nukta 720 kwa 576, mara nne ya VCD. Hiyo DVD nayo ilikuwa karibu izaliwe pacha wanaogombana, Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na wenzake upande wa pili. Lakini mwaka 1995 makampuni ya kompyuta, yakiongozwa na IBM, yaliwabana wakaelewana juu ya aina moja. Wakagawa na dunia katika maeneo, sisi tukiwa eneo namba 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, ili santuri ya Marekani isichezwe hapa. Kariakoo sijapata kumsikia mtu akiulizwa namba hiyo.

Leza ya buluu ilipopatikana, ya nanomita 405, hakuna aliyewabana. Sony, Philips, Panasonic na wenzao wakatengeneza Blu-ray. Toshiba na wenzake wakatengeneza HD DVD. Picha zenyewe hazikutofautiana kwa macho ya mtu wa kawaida: zote nukta 1,920 kwa 1,080, yaani zaidi ya milioni mbili, mara tano ya DVD na mara ishirini ya ile VCD iliyomkata baba kauli. Tofauti ilikuwa katika umbile. Blu-ray ilisogeza maandishi yake karibu kabisa na uso wa santuri, chini ya utando wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa hiyo ilibeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mawili. HD DVD ilibaki na umbile la DVD, utando wa sehemu sita za kumi, ikabeba 15 na 30. Hii ya pili ilikuwa rahisi kutengenezwa katika viwanda vilivyokuwapo, na haikugawa dunia katika maeneo. Kwa mtu wa Tandika, ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo iliyokuwa na adabu zaidi. Zilipoingia sokoni Marekani mwaka 2006, deki ya Toshiba iliuzwa dola 499 na ya kwanza ya Blu-ray, iliyotoka Samsung, dola 999.

Lakini aliye nafuu alishindwa. Sony walitia Blu-ray ndani ya mashine yao ya michezo, PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, wakaingia sebuleni kwa mlango wa watoto. Makampuni ya filamu yaligawanyika. Universal ikawa huku, nyingine kule, Paramount ikahama katikati ya vita. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ikatangaza kwamba itabaki na Blu-ray peke yake. Katikati ya Februari maduka ya Walmart yakafuata, na tarehe 19 Februari Toshiba ikatangaza kuacha. Vita vilichukua chini ya miaka miwili. Sony, walioshindwa kwa Betamax, safari hii waliondoka na ngao, na maduka ya Hamburg yakabaki na mizigo ya kumwuzia baharia.

Tuliifunga deki ya mjomba kwenye televisheni ya chogo ya inchi 21 kwa zile nyaya tatu, nyeupe, nyekundu na ya njano. Sasa elewa, msomaji: nukta milioni mbili hazipiti katika waya wa njano. Zinahitaji waya wa HDMI na televisheni yenye kuzipokea. Kilichotoka kilikuwa picha nzuri ya kawaida, na majirani waliokuja kuiona dunia mpya waliondoka kwa heshima, bila maneno mengi. Tulizitazama filamu zile tano mpaka tukazikariri. Ya sita haikupatikana, si Kariakoo, si popote. Nikajaribu kuitilia santuri yetu ya pili nimwone baba. Ikakataa, kwani haikutengenezwa kwa kusoma VCD. DVD ilizisoma vizuri, na kwa kazi hiyo ikatumika miaka yote iliyofuata. Mjomba mwenyewe hakupenda itajwe mbele ya watu.

Blu-ray, iliyoshinda, nayo haikufika mtaani kwetu kwa maana ya kufika. Niliwahi kununua moja, kasha la buluu, maandishi mazuri. Kumbe ndani ni DVD ya kawaida yenye filamu ishirini zilizobanwa mpaka nyuso zikawa miraba. Mshindi wa kweli hapa kwetu ni flashi. Mtu anakwenda na kidude chake kibandani, anajaziwa tamthilia nzima, anachomeka ubavuni mwa televisheni. Hata huko ng'ambo mambo yamegeuka: Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza santuri tupu za Blu-ray za kurekodia.

Mwaka 2022 mama alianza kusumbuliwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akisubiri upasuaji, na kama wazee wengi aliuogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Jioni moja aliniambia, "Mwanangu, nataka nimwone baba yenu nikiwa bado naona. Nataka nimwone mpaka mwisho." Akaniruhusu kupanda kabatini.

Kanda ilikuwa na ukungu mweupe pembezoni, kama mkate wa siku nne. Hewa ya pwani haina huruma na kanda. Picha ya VHS imeandikwa kwa unga wa sumaku uliogandishwa juu ya utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7 na urefu, kwa kanda ya dakika 180, wa zaidi ya mita 250. Ukungu ukishika pindo mbili hugandamana, na deki ikivuta, unga hubanduka pamoja na kilichoandikwa. Maduka mawili niliyoyaendea yaliniambia hakuna tabu, watanihamishia, tena wataigeuza iwe HD. Nilitoka mbio. Kanda ya VHS ina ndoo moja ya maji. Anayekuahidi ndoo ishirini ataongeza maji ya bomba.

Fundi niliyempata hatimaye yuko uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, na ana deki mbili za VHS anazozifunika kwa kitenge. Hakuniahidi kitu. Alifungua skrubu tano za kasha, akaugeuza utepe kwa mkono, akaupangusa taratibu kwa kitambaa laini chenye spiriti, mita kwa mita, kwa siku tatu. "Kaka," aliniambia, "hii nitaipitisha mara moja tu. Ikikataa, usinirudie." Nilimwomba lolote litakalotoka aliweke kwenye DVD moja isiyokatwa, pamoja na nakala mbili kwenye flashi. Aliniambia nisiiamini hata hiyo DVD, na alikuwa na haki. Santuri ya kiwandani hugongwa muhuri kama sarafu, lakini hizi tunazochoma wenyewe zimeandikwa kwenye rangi, na rangi hupauka kwa jua na joto. Nakala ziwe zaidi ya moja, na zikae nyumba zaidi ya moja.

Kwa hiyo jirani yangu seremala nilimjibu hivi, wiki iliyofuata, juu ya benchi lake la randa. Asinunue deki ya Blu-ray mpaka kwanza aone mahali ambapo atanunua santuri ya pili, ya tatu na ya kumi. Ajifunze kwa mjomba wangu. Ile deki yake ya DVD atafute yenye tundu la HDMI, na asitarajie samaki. Akitaka samaki, aulize filamu aliyojaziwa kwenye flashi ina ukubwa gani, maana filamu nzima ya saa mbili iliyoenea mahali pa nyimbo chache haiwezi kuwa na nukta milioni mbili. Na chumba chake ni futi kumi kwa kumi; picha mbovu kwenye inchi 43 kwa umbali ule ni lazima aione mbovu. Alinisikiliza, akasema kumbe ile ya chogo haikuwa na kosa. Sikuona la kumjibu.

DVD ya harusi tuliitazama Tandika Jumapili moja ya Septemba 2022. Mama aliwapigia simu Tegeta yeye mwenyewe, na wakaja, dada, shemeji na watoto watatu ambao hawakupata kumwona babu yao. Mjomba, ambaye amestaafu, alikuja na kofia yake, akaifuta vumbi deki yake ya HD DVD mbele ya watu wote kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Chini ya picha kulikuwa na mistari inayotikisika, na rangi ya gauni la dada ilikuwa imevuja hadi ukutani. Mama alivuta kiti mpaka karibu aguse kioo.

Baba akasimama. Akashukuru. Akakohoa.

"Na wewe, mwanangu, nakuomba jambo moja tu. Jumapili mje mle kwangu. Mkiona mimi siji kwenu msidhani nimewasahau, ni nauli. Njooni nyinyi."

Watu wa ukumbini wakacheka, wakapiga makofi, na kamera ikahamia kwenye keki.

Hakuna aliyesema kitu sebuleni. Kisha shemeji, akiwa anatazama sakafu, akasema, "Nilikuwa nakumbuka, mama. Siku zote nilikuwa nakumbuka."

Mama hakugeuka. "Rudisha nyuma kidogo," alisema.

Nikatafuta rimoti kila mahali, chini ya mito, chini ya kofia ya mjomba. Shemeji alikuwa ameikalia.